Shangazi Anataka Kupumzika Leo

Mwenye karakana ile ya masofa alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko jina lake: "Sisi hapa ni familia." Alilisema asubuhi akifungua mlango, akalisema mteja akija kukagua kazi, na zaidi ya yote alilisema pale mtu alipothubutu kuuliza habari za mapumziko. Maana familia, kwa akili yake, haina saa ya kuanza wala saa ya kumaliza. Nani amewahi kumsikia mama mzazi akiomba likizo kwa wanawe? Basi na wewe acha maneno, shika nyundo.

Mafundi nao hawakuwa wajinga. Kama bosi amejitangaza kuwa baba yao, basi dada yake, yule mama wa cherehani aliyekaa karibu na dirisha akishona vitambaa vya kuvisha masofa, alikuwa nani kwao kama si shangazi? Wakamwita Shangazi tangu hapo, hata Sponji, mkataji wa sponji za kukalia, ambaye alikuwa na mvi nyingi kuliko za shangazi yake. Jina likamkaa vizuri. Alikuwa na kila kitu cha shangazi: mdomo usiolala, huruma isiyojificha, na peremende mfukoni.

Bosi mwenyewe alikuwa mdogo wake wa mwisho. Shangazi ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa kazini, akamfuta kamasi, akampeleka shule siku ya kwanza na kumrudisha nyumbani siku hiyohiyo, kwa sababu alilia mpaka mwalimu akaomba msamaha. Nyumbani alimwita Kitinda, kifupi cha kitindamimba. Kazini alijitahidi kumwita Bosi kama wenzake, na aliweza, isipokuwa akikasirika.

Na wiki ile alikuwa amekasirika.

Hoteli moja kubwa ilikuwa imeagiza masofa ya kujaza ukumbi wake wa mapokezi, na Bosi, ambaye hakujua kutamka "hapana" mbele ya mteja, alikubali kuyatoa yote kwa muda ambao ungetosha kutengeneza nusu yake. Tangu hapo saa ya chakula ikafa. Kifo chake hakikutangazwa; ilikondeshwa tu, leo ikakatwa kidogo, kesho ikakatwa tena, mpaka watu wakawa wanatafuna huku wanapaka gundi. Jioni nayo ikasogezwa. Taa zinawashwa, na bado mtu anasikia, "Jamani, haka kamoja tu tukamalize." Ukutani kulikuwa na tangazo la serikali lililosema kwa herufi kubwa kwamba mfanyakazi ana haki ya kupumzika katikati ya kazi, na kwamba saa za kazi zina kikomo. Bosi alilibandika mwenyewe, kwa unyenyekevu kabisa, siku mkaguzi alipokuja. Sasa majora ya vitambaa yalikuwa yameegemezwa pale, na katika haki zote za mfanyakazi ilibaki kuonekana sahihi ya chini tu.

"Lile ni tangazo la wafanyakazi," Bosi alimwambia Sponji alipomkuta akilichungulia. "Ninyi ni wanangu."

"Sawa, baba," Sponji akajibu. "Basi sisi wanao tuna njaa."

Wote wakacheka, Bosi akacheka kuliko wote, kisha akampa Sponji mkate wake mwenyewe na kumwambia ale huku anakata. Ndiyo shida ya kutaka kumchukia mtu yule. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Fundi akiuguliwa, yeye ndiye wa kwanza kufika hospitali, tena na chupa ya chai mkononi. Ila ukimwambia umechoka, alikutazama kama umesema naye kwa lugha ya ndege.

Aliyemtia Shangazi hofu alikuwa Nyundo, fundi wa kupigilia vitambaa kwenye mbao, mwanamume mpole aliyepata mtoto wake wa kwanza juzijuzi. Kazi hiyo ina mtindo wake. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unashika nyundo, kwa hiyo misumari midogo inakaa mdomoni, na fundi huisukuma nje kwa ulimi, mmoja mmoja, kadiri anavyoihitaji. Nyundo alikuwa hodari mpaka aliweza kucheka na kusalimia wageni mdomo umejaa chuma. Lakini Jumanne mchana Shangazi aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona amesimama wima, nyundo imeinuliwa, macho yamefungwa, kichwa kinashuka taratibu kama cha mtu aliyezidiwa na usingizi ibadani. Misumari ilikuwa mdomoni.

Shangazi hakupiga kelele, asije akamshtua akaimeza. Alimwendea kwa kunyata, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto aliyeokota kitu uani, akakinga kiganja.

"Tema," akasema kwa sauti ya chini. "Tema, mwanangu. Tema yote."

Nyundo akatema. Akafumbua macho, akaitazama misumari kwenye kiganja cha Shangazi.

"Shangazi, mimi Ijumaa naondoka," akasema. "Kuna kiwanda cha milango kule barabara kuu. Saa sita inalia kengele, watu wote wanaweka vitu chini. Milango siipendi, unajua. Mlango hauna raha ya kuutengeneza. Lakini kengele inalia."

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa. Nitazungumza naye."

"Utazungumza naye kama nani? Kama mfanyakazi, hatakusikia. Kama dada, atakupa wewe ruhusa ukalale, sisi tubaki."

Swali lilikuwa zuri. Lakini Shangazi alipiga moyo konde, akamfuata mdogo wake chumba cha nyuma, alikokuwa anapima mbao, penseli moja sikio la kulia, na nyingine, aliyoisahau, sikio la kushoto.

"Bosi, watu wanataka saa yao ya mchana. Saa nzima. Na jioni waende kwao kukiwa bado na mwanga."

"Oda hii ikiisha, Dada."

"Ulisema hivyo oda ya shule. Na ile iliyoitangulia."

"Hii ni tofauti." Akaweka ubao chini, uso ukamng'aa. "Hii ikiisha, wewe hushiki tena cherehani. Nimeshapanga. Utakaa barazani kwako. Nitakutengenezea kiti kwa mikono yangu, kikubwa, chenye mikono mipana ya kuwekea kikombe. Wewe kazi yako kupunga upepo na kutuombea dua. Unadhani haya yote namfanyia nani?"

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo palipouma. Alikuwa na macho yaleyale ya mtoto aliyekuwa akimwekea dada yake nusu ya biskuti, imelowa mate. Shangazi alimpenda sana mtu huyu. Alimpenda mpaka akatamani kumchapa.

"Kitinda, mimi sitaki kupumzika uzeeni. Nataka kupumzika leo, saa sita mchana, na wenzangu. Nyundo amelala na misumari mdomoni, unanisikia? Siku nyingine ataimeza."

Bosi akacheka kidogo. "Yule hata akilala, mkono wake unajua njia. Kwani nawatesa, Dada? Kuna anayefanya kazi hapa kunizidi mimi?"

Hakuwepo. Macho yalikuwa mekundu, shati lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na aliona kwamba hilo ni jibu tosha kwa kila swali. Shangazi akarudi kwenye cherehani shingo upande, akiulaani moyo wake laini.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupeleka sofa kubwa kuliko yote, lile la katikati ya ukumbi, refu kama foleni ya maji. Gari la hoteli lingefika saa sita. Asubuhi ile sofa lilikuwa limelazwa kwa mgongo, tumbo lake tupu limegeukia pembeni, likisubiri kitambaa cheusi cha kufungia chini. Yaliyotokea hapo Shangazi aliyapanga baadaye kichwani, kila mtu alipokwisha kueleza lake. Bosi alipita, akaingiza mkono, akagusa springi moja, akaona imelegea. Kwa kuwa alikuwa mwembamba, na kwa kuwa hakumwachia mtu springi zake, alijipenyeza ndani mwenyewe na kipande cha kamba, akajinyoosha kwenye ule uwazi kama nguo iliyowekwa kabatini, akaanza kufunga. Hakuna aliyemwona. Sponji alikuwa uani anakata, Shangazi ameinamia mito ya mwisho, na Nyundo ametumwa stoo kuleta kitambaa.

Mle ndani kulikuwa na kigiza, na palikuwa kimya, na Bosi alikuwa amelala chali mchana kwa mara ya kwanza tangu oda ianze. Mwili ukipata nafasi kama hiyo haumuulizi mwenyewe.

Nyundo akarudi, akaliona sofa liko vilevile, akajaza misumari mdomoni. Kitambaa cha chini huanza kupigiliwa ukingo wa juu. Kinaning'inia kama pazia, na baada ya hapo hakuna anayechungulia kilichoko nyuma yake. Tena siku hiyo Nyundo alikuwa anaona ukungu. Akapigilia juu, akapigilia pembeni, akapigilia chini. Ko, ko, ko. Kwa mtu aliyeishi na kelele hizo maisha yake yote, ilikuwa kama kubembelezwa.

Saa sita gari likafika. Bosi hayupo.

"Bosi!" Sponji akaita uani. Akaita stoo. Akaita msalani, kwa heshima, akibisha hodi kwanza. Simu ya Bosi ilikuwa mezani inalia yenyewe, hoteli wanauliza mzigo umetoka au bado. Mtu ambaye hakuiacha simu hata akienda kunawa! Shangazi akaacha cherehani, akasimama.

"Mimi nina ratiba," akasema dereva wa hoteli, bwana mfupi mwenye kofia. "Tupakie. Bosi wenu atatukuta."

Dereva, utingo wake, Sponji na Nyundo wakaliinua sofa vilevile lilivyolala.

"Jamani," dereva akasema, mishipa ya shingo imemsimama, "hili sofa mbona zito hivi? Limeshiba?"

Hapo ndipo Shangazi alipousikia. Ulikuwa mluzi mdogo wa pua, unapanda, unakatika, kisha unashuka. Aliwahi kuusikia mluzi huo nyuma ya shingo yake mwenyewe, jua linawaka, mwenye pua amelala mgongoni mwake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekoroma hivyo.

"Shusheni," akasema. "Polepole. Kama yai."

Wakashusha. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kitambaa cheusi. Sponji akaweka lake. Nyundo akaweka lake, kisha akaketi chini pu.

"Nimempigilia baba," akanong'ona.

Kicheko kilimshika Shangazi tumboni mpaka akajiziba mdomo kwa mkono. Lakini hakikufika mbali. Ile nyundo ilikuwa imegonga shibiri moja tu kutoka kichwani mwa mdogo wake, na hakuamka. Wanaume wanne walikuwa wamemnyanyua juu juu, na hakuamka. Mtu anachokaje kiasi hicho? Akaogopa, akamhurumia, na safari hii huruma haikumrudisha kwenye cherehani.

"Mwamsheni basi tupakie," akasema dereva.

"Hakuna kumwamsha mtu hapa. Anapumua vizuri, kitambaa kinapitisha hewa. Hii ni saa ya mapumziko. Kaeni, nyote."

"Mama, nimesema nina ratiba."

"Na mimi nina mdogo wangu. Kwani wewe, baba, leo umekula?"

Dereva akafungua mdomo, akafikiri, akakumbuka kwamba hakuwa amekula. Akavua kofia. Basi watu wote wakakaa, wengine sakafuni, wengine kwenye masofa ya hoteli yenyewe, yakiwa bado na nailoni zake. Mabakuli yakafunguliwa. Wakala kwa minong'ono, kama watu wenye mtoto mchanga chumba cha pili. Nyundo hakumaliza chakula chake. Aliegemea jora la kitambaa akalala fofofo, mdomo wazi, na mdomoni hamkuwa na kitu. Shangazi aliketi sakafuni, mgongo kwenye sofa, akiusikiliza ule mluzi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikaa bila kitambaa mikononi. Aliona raha, akaona haya kidogo kwa kuona raha, kisha akaiacha haya iende zake.

Hatimaye mluzi ukanyamaza. Ndani pakasikika kukwaruza.

"Dada?" Ilikuwa sauti ya mtu ambaye bado hajui ana umri gani. "Dada, mbona giza?"

"Niko hapa, Kitinda. Usijigeuze, kuna misumari."

Akachukua mkasi, akakikata kitambaa toka mwanzo hadi mwisho. Bosi akatokeza kichwa, nywele zimejaa vumbi la sponji, alama ya springi imechapwa shavuni kama muhuri. Akawatazama watu. Watu wakamtazama.

"Nani kanipigilia?"

Nyundo, aliyeamshwa na sauti hiyo, akasimama wima. "Mimi, Bosi. Sikukuona. Nilikuwa kama nimelala."

"Umelala huku unapiga misumari?"

"Ndiyo, Bosi. Na wewe ulilala huku unapigiliwa."

Sponji ndiye wa kwanza kushindwa kujizuia. Chai ilimtokea puani. Dereva akafuata, kisha wote, na Bosi mwenyewe akacheka mpaka machozi, nusu ndani ya sofa, nusu nje. Ingekuwa heri mambo yaishie hapo. Lakini alipomaliza kucheka alitazama saa ya ukutani, na mazoea yakamrukia.

"Lo, hoteli! Haya, haraka, kitambaa kingine! Nyundo, twende, twende!"

Nyundo akainamia mkebe, akachota misumari, akaipeleka mdomoni.

Shangazi hakusimama. "Saa yetu haijaisha," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na sisemi kama dada yako. Dada yako ungempa kiti cha barazani. Nasema kama fundi cherehani wa karakana hii, na hawa wenzangu wanasema pamoja nami. Kama sisi ni wanao, tumekataa kukuona unajiua. Kama ni wafanyakazi wako, tuna haki yetu. Chagua mwenyewe unataka tuwe nani, jibu ni hilohilo."

Bosi akafungua kinywa atoe lile neno lake la familia. Likamkwama. Alikuwa anamtazama Nyundo, misumari imechomoza midomoni, kope zinashuka, mtu aliye tayari kuendelea kwa sababu tu ameambiwa aendelee. Labda ni giza lile alimotoka, labda ni shavu lililokuwa linamuuma. Shangazi hakujua, na hata baadaye hakuuliza. Alimwona tu mdogo wake akitoka kwenye sofa kwa magoti, akijikung'uta, akimsogelea fundi wake na kumtazama kwa karibu sana, kama mtu anayekagua mshono.

"Toa hivyo vitu mdomoni," akasema. "Toa, ukae."

Simu ikalia tena. Kila mtu aliijua sauti ya Bosi ya kuongea na mteja, ile ya "ndiyo mheshimiwa, hata sasa hivi mheshimiwa." Akaichukua simu.

"Ndiyo, mheshimiwa... Hapana, halijatoka... Hapana, gari ni zima, dereva wako ninaye hapa." Dereva akaficha bakuli nyuma ya mgongo. "Hakuna kilichoharibika. Mafundi wangu wanapumzika."

Sauti ya upande wa pili ikapanda, ikasikika mpaka kwenye cherehani. Shangazi alimwona mdogo wake akinywea, bega moja, halafu la pili.

"Naelewa, mheshimiwa," Bosi akasema. "Sofa litafika leo, likishafungwa na watu walio macho. Lakini saa hii wanapumzika. Ndiyo... Na kesho pia. Kila siku, mheshimiwa, saa sita." Akasikiliza kidogo. "Mimi? Mimi nimeshalala. Sasa nataka kula."

Akaiweka simu mezani kifudifudi, akaja kukaa sakafuni kando ya dada yake, bega kwa bega. Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kupigana. Shangazi akamsogezea bakuli lake, kisha akageukia dirishani, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka waone. Waliona wote, na wote wakajifanya wanatafuta chumvi.

Nyundo alikuwa bado amesimama, hajui aamini lipi. "Bosi," akauliza, "zimebaki dakika ngapi?"

"Nyingi," Bosi akajibu, mdomo umejaa chakula. "Lala."